Jinsi ya kumwandika babu mwenye duka

Thomas Bata alifariki Toronto tarehe 1 Septemba 2008, zikiwa zimebaki siku 16 atimize miaka 94. Kwa miongo mingi aliiongoza kampuni ya viatu ya familia yake, kampuni ambayo mtoto wa Limuru au wa Nakuru alilijua jina lake tangu siku ya kwanza ya shule, kabla hajajua Kanada iko upande gani wa dunia. Angeweza kujiita mwenyekiti au rais, na hakuna ambaye angembishia. Hata uzeeni, kadi yake ya biashara ilimtaja kuwa muuzaji viatu mkuu. Ukitaka kumweleza mtu huyo kwa asiyemjua, unaweza kuorodhesha viwanda na nchi hadi pumzi ikuishie, au ukaanza na kadi ile.

Nayaandika haya kwa familia zetu za Toronto ambazo miaka hii zinazika kizazi kizima. Wamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, waliofungasha Dar es Salaam baada ya nyumba zao kutaifishwa, waliotoka Mombasa, Unguja na Nairobi kwa hiari yao, Wasomali waliofikia Dixon Road, na Wakongo waliofuata nyuma yao. Walifungua maduka ya vyakula, gereji, mikahawa, kampuni za usafi na za kusafirisha mizigo, mara nyingi wakianzia kwenye chumba kimoja cha plaza huko Scarborough au Rexdale. Mzee akifumba macho, kazi ya kumwandika humwangukia mjukuu mmoja, kwa kuwa ana kompyuta na inasemekana anajua kuandika.

Mjukuu huyo akikaa kitako, karibu kila mara huandika aya mbili. Ya kwanza inasema marehemu alikuwa mfanyabiashara mashuhuri, na inataja makampuni. Ya pili inasema alikuwa pia babu aliyewapenda wajukuu zake, na inataja peremende. Msomaji anamaliza bila kumwona mtu. Tatizo ni kwamba amegawanywa vipande viwili ambavyo maishani havikugawanyika. Babu alifanya hesabu za mwezi kwenye meza ya chakula. Wajukuu waliandika kazi zao za shule juu ya makatoni ya stoo. Mkopo wa benki ulijadiliwa siku ya Idi, na ugomvi wa Idi ukaendelea dukani Jumatatu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, na mengine yote hapa yanautumikia: tafuta tabia moja aliyokuwa nayo kaunta na sebuleni, kisha yasimulie maisha yake kupitia hiyo.

Nasema tabia, sisemi sifa. Ukarimu ni sifa, na kila marehemu anapewa. Kumsindikiza mteja hadi mlangoni hata kama hakununua kitu, na kumsindikiza mjukuu hadi kwenye basi la shule hata alipofika kidato cha mwisho na kuona aibu mbele ya wenzake, hiyo ni tabia. Mwingine hakutupa kamba wala mfuko, dukani wala nyumbani. Mwingine alijibu kila swali kwa kuuliza bei. Mwingine hakula mpaka aone kila mtu amepata, wafanyakazi wa stoo kwanza. Ukiipata ya kwako utaijua, kwa sababu ukiitaja mbele ya familia watu watacheka kabla ya kulia.

Lakini kabla ya kuitafuta, tenganisha maandishi matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni tangazo la kifo. Hili halingoji. Kwa Waislamu maziko yanataka haraka, na hapa Ontario haraka hiyo inapitia karatasi: daktari anajaza cheti cha kitabibu cha kifo, familia inajaza taarifa ya kifo kwa msaada wa nyumba ya huduma za mazishi, halafu ofisi ya mji inatoa kibali cha kuzika. Fomu ya familia inauliza majina ya wazazi wa marehemu na walikozaliwa. Inauliza pia kazi aliyoifanya sehemu kubwa ya maisha yake na aina ya biashara. Nimeona watu wazima wakitazamana mbele ya fomu hiyo, hakuna anayejua jina la mama yake babu. Litafuteni leo, lingali na wa kulijua. Tangazo lenyewe liwe fupi: jina lake kamili, jina lake la mtaani kama ndilo watu walilomjulia, mke na watoto, saa na mahali pa maziko, na taarifa za hitima au ibada. Magazeti makubwa ya Toronto hutoza kwa urefu, basi sifa ziache. Acha pia tarehe kamili ya kuzaliwa, anwani ya nyumba, na jina la ukoo ambalo mama yake alizaliwa nalo. Wezi wa utambulisho husoma matangazo ya vifo kwa makini kuliko jamaa, na wa kuvunja nyumba hupenda kujua saa ambayo familia nzima iko makaburini.

La pili ni maneno ya kusomwa mbele ya watu, na la tatu ni kumbukumbu kamili ya kubaki nyumbani. Hayo mawili yape muda. Ya kusomwa yanaweza kungoja hitima, ibada ya kumbukumbu au arobaini. Kumbukumbu ndefu inaweza kungoja hadi mwaka. Kuandika maisha ya miaka 80 usiku mmoja, macho yamevimba na simu hazikomi, ndiko kunakozaa zile aya mbili.

Sasa ukusanyaji. Makosa ya kawaida ni kuanza na watoto wa marehemu. Watoto wana huzuni, wana urithi vichwani, na kila mmoja ana baba yake tofauti na wa mwenzake. Anza na waliolipwa na babu. Mfanyakazi wa zamani, yule aliyekuwa akifungua mlango asubuhi, aliyemwona akiwa hana hata senti ya kulipia umeme, ndiye anayejua alivyokuwa pesa zilipokosekana. Baada yake mtafute muuzaji wa jumla aliyempa mali kauli, kwa sababu aliyekupa bidhaa kwa neno tu amekupima zaidi kuliko benki. Kisha mteja aliyekopa. Kisha, ukiweza, mshindani wa duka la jirani. Nimesikia mambo mazuri zaidi kuhusu wafanyabiashara kutoka kwa washindani wao, labda kwa kuwa hawana haja ya kusifu.

Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo linavuta sifa, na utaambiwa alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mchapakazi. Uliza vitu vinavyojibika. Alifika saa ngapi dukani, na alianza na nini? Alikaa wapi? Akikasirika alifanyaje? Mtu akishindwa kulipa, alisema nini hasa, kwa lugha gani? Siku mliyofunga mapema ilikuwa siku gani? Nani aliruhusiwa kugusa sanduku la pesa? Alimfukuza nani, na je, alimrudisha? Ukipata jibu moja lenye mahali, saa na maneno ya kinywa chake, limetosha kwa siku hiyo. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa, na uiache simu mezani mbali na macho yao.

Walio nyumbani Afrika Mashariki usiwasahau, maana huenda ndugu yake aliyebaki Kisumu au Tanga ndiye pekee anayemkumbuka akiwa kijana. Wakati wa kiangazi sisi tuko nyuma yao kwa saa saba, wakati wa baridi saa nane. Jumamosi saa nne asubuhi hapa ni jioni kule: wamemaliza kazi, hawajaanza kula. Muda huo ndio mzuri.

Halafu nenda kwa bibi, na uende peke yako. Katika maduka mengi ya familia niliyoyajua, mwenye jina kwenye bango alikuwa babu, na mwenye daftari alikuwa bibi. Ndiye aliyejua nani anadaiwa. Ndiye aliyekaanga sambusa usiku zikauzwa mchana, na fedha za sambusa ndizo zilizolipa kodi ya mwaka wa kwanza. Akisimulia, husema "babu yenu alifanya", kwa adabu ya kizazi chake. Muulize kwa upole: na wewe, bibi, ulikuwa wapi siku hiyo? Kumbukumbu ya kiongozi wa biashara ya familia isiyomtaja aliyeshika hesabu ina uongo ndani yake, na wafanyakazi wa zamani watakaoisikia wanaujua.

Watoto wadogo wahoji pia, mmoja mmoja. Wenye miaka sita au saba hawana habari za umashuhuri. Watakuambia babu alikuwa na harufu ya iliki na mafuta ya kupaka, kwamba aliwaficha chini ya kaunta mama akija kuwachukua, kwamba alilala mbele ya televisheni akakataa kuwa alilala. Andika vilevile walivyomwita, awe Babu, Nana, Bapa au Awoowe. Jina hilo lina nafasi kubwa zaidi katika maandishi kuliko cheo chochote, nalo ndilo la kutumia toka mwanzo hadi mwisho ukishaandika jina lake kamili mara moja.

Vitu navyo vinasema. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam na kuishi Toronto, aliijenga riwaya yake The Gunny Sack ya mwaka 1989 juu ya gunia la vitu vilivyoachwa na bibi mzee: kila kitu kikitoka guniani, kinatoka na kisa chake. Mbinu hiyo si ya waandishi wa riwaya tu. Kabla watoto hawajaanza kusafisha chumba cha babu, omba siku moja. Tafuta daftari la madeni, kitabu cha stakabadhi, pasipoti zilizokwisha muda, funguo ambazo hakuna ajuaye ni za wapi, picha ya duka la kwanza, kalenda za benki alizoziandikia pembeni. Piga picha kila ukurasa wenye mwandiko wake. Pasipoti ina mihuri, na mihuri ina tarehe ambazo kumbukumbu za watu hazina. Daftari la madeni linakuonyesha nani alisamehewa, maana deni lililolipwa hukatwa kwa mstari mmoja na tarehe, na lililosamehewa mara nyingi limekatwa bila tarehe yoyote. Ukikuta ukurasa wa namna hiyo, muulize karani wa duka. Huko ndiko visa viliko.

Duka lenyewe lipige picha wiki hiyo hiyo. Toronto haiyaonei huruma majengo ya biashara. Plaza za miaka ya 1960 na 1970 zinabomolewa kupisha magorofa ya makazi, na hata wakubwa hawasalimiki. Makao makuu ya Bata yalisimama Wynford Drive, Don Mills, tangu 1965, jengo lililosifiwa na wasanifu majengo, na mwaka 2007 likabomolewa. Leo mahali hapo pana Jumba la Makumbusho la Aga Khan na Kituo cha Waismaili, vyote vilivyofunguliwa Septemba 2014. Yaani wakimbizi wa viatu kutoka Zlín, mji wa Chekoslovakia, walipisha jumuiya ambayo wengi wake hapa mjini walitoka Kampala, Dar es Salaam na Nairobi. Kisa kama hicho huwezi kukipata kwa kukaa nyumbani. Nenda ukatazame duka la babu limekuwa nini leo, na nani yuko nyuma ya kaunta.

Kama duka liliondoka zamani, kuna mahali pa kulitafuta. Maktaba kuu ya marejeo iliyoko Yonge Street ina vitabu vya anwani vya jiji vya miaka mingi, ambamo unaweza kufuata mtaa mmoja mwaka hadi mwaka na kuona nani alifanya biashara namba gani. Ofisi ya Nyaraka za Jiji iko Spadina Road, nayo ina picha za mitaa. Usajili wa makampuni wa Ontario unatafutwa kwenye intaneti. Na kwa waliotoka Uganda, Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, kinahifadhi mkusanyo mzima wa nyaraka, magazeti na masimulizi ya mdomo ya waliofika Kanada mwaka 1972. Huenda babu, au jirani yake wa ndege, yumo.

Kagua tarehe, maana visa vya familia hunona kadiri vinavyosimuliwa. Ukisikia kwamba babu alitua Toronto Julai 1972 akikimbia amri ya Idi Amin ya kuwafukuza Waasia Uganda, simama kidogo. Amin alitoa tangazo lake tarehe 4 Agosti mwaka huo na kuwapa watu siku 90. Ndege za kwanza zilizokodiwa na serikali ya Kanada zilifika mwishoni mwa Septemba, za mwisho mwanzoni mwa Novemba, na zilitua Montreal, ambako abiria walipokelewa kwenye kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, wakapewa chakula na makoti ya baridi, kisha wakatawanyika mijini. Basi labda babu alikuja kabla, kwa tiketi yake, kwa sababu nyingine kabisa, na kisa hicho kinaweza kuwa kizuri zaidi. Kwa waliotoka Tanzania, tarehe ya kushika ni 1971, Sheria ya Kutwaa Majengo ilipochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwulize shangazi nyumba ya Kariakoo au Upanga ilikwenda lini, ulinganishe.

Hapo tunafika penye uzito: hasara. Familia nyingi hutaka iondolewe. Duka la kwanza lililofilisika, ndugu waliogawana kwa mawakili, mshirika aliyetoroka na fedha, miaka miwili babu aliyoendesha teksi na hakutaka ijulikane, yote yanafutwa, na kinachobaki ni mtu aliyepanda tu. Mtu aliyepanda tu haaminiki. Waliotangulia kuandika hawakuogopa hivyo. Manubhai Madhvani, ambaye familia yake ilijenga kiwanda cha sukari cha Kakira, alisimulia katika kitabu chake Tide of Fortune cha mwaka 2008 jinsi utawala wa Amin ulivyomtia gerezani Makindye, na jinsi mali ilivyopotea kabla ya kurejeshwa miaka ya 1980. Thomas Bata naye alimpoteza baba yake katika ajali ya ndege mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 17. Serikali ya Chekoslovakia ilikuja kutaifisha kiwanda cha Zlín. Yeye na baba yake mdogo, Jan, wakaburuzana mahakamani miaka na miaka kuhusu nani mwenye kampuni. Ukiyajua hayo, mzee wa miaka 90 anayejiita muuzaji viatu unamwelewa upya: cheo hicho hakuna serikali wala mahakama ya kukitaifisha.

Namna ya kuandika hasara ni kuiandika kwa sentensi moja au mbili zilizonyooka, na kusonga mbele kwenye kile alichofanya kesho yake asubuhi. "Mwaka 1991 duka la Rexdale lilifungwa na deni. Babu aliwalipa wafanyakazi wote kabla ya kumlipa mwenye jengo." Basi, imetosha; usimtaje aliyemdhulumu, usieleze kesi. Ugomvi ambao bado haujapoa, hasa wa urithi na nani atarithi kiti, uache nje kabisa. Kumbukumbu si mahali pa kumtangaza mrithi. Kama wapo wake wawili au watoto wa nyumba mbili, majina yote yaingie, kwa umri, bila maelezo. Kuruka jina la mtoto ni kosa ambalo hakuna hotuba nzuri itakayolifuta, na watu watalikumbuka hilo peke yake.

Sasa kaa uandike. Nionyeshe kwa mfano wa babu wa kubuni, mwenye duka la vyakula Scarborough. Rasimu ya kwanza ya mjukuu ingesema: "Marehemu alikuwa mfanyabiashara mwaminifu aliyeheshimiwa na wateja wake, na babu mwenye upendo aliyewafundisha wajukuu zake maadili mema." Hakuna kosa la sarufi, na hakuna mtu ndani yake. Kwenye mahojiano, karani amemwambia kwamba Kanada ilipoacha kutoa sarafu ya senti moja, Februari 2013, maduka yalianza kusogeza bei za fedha taslimu hadi senti tano za karibu, juu au chini. Babu alikataa kwenda juu. Mjukuu mwingine amekumbuka kopo. Basi rasimu ya pili inasema:

"Senti moja ilipofutwa, Babu alishusha kila bei na hakupandisha hata moja. Karani wake akimwambia kwamba sheria inaruhusu, alijibu kuwa sheria haijui mama huyu ana watoto wangapi. Senti za zamani alizokuwa nazo alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na Jumapili alizimwaga mezani tuhesabu. Aliyekosea kwa kuzidisha alianza upya. Aliyekosea kwa kupunguza alisamehewa."

Uaminifu umo, upendo umo, na maadili yamo, lakini hayakutajwa hata moja kwa jina. Tabia ni ile ile dukani na mezani. Aya hiyo ikishapatikana, nyingine zinajipanga zenyewe nyuma yake: alikozaliwa, senti zilivyokuwa chache, alivyokuja, duka la kwanza, hasara, bibi na daftari, watoto walioingia kazini, wajukuu. Hulazimiki kuanzia kuzaliwa. Anzia dukani, siku ya kawaida, kisha rudi nyuma.

Ukimaliza, pitia na ukate. Futa "mashuhuri", "mahiri", "wa kipekee", na kila neno ambalo lingeweza kusemwa juu ya babu wa jirani. Bodi alizokaa, misaada aliyotoa na tuzo alizopata ziweke pamoja katika aya moja fupi, wanaozijali watazikuta. Idadi ya matawi itaje mara moja. Pigo la ugonjwa wa mwisho lisizidi sentensi mbili, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi miaka 60 hastahili kukumbukwa kwa miezi mitatu ya kitandani.

Kuhusu lugha: wajukuu wa Toronto wanasikia Kiingereza, wazee waliokaa mstari wa mbele wanataka Kiswahili, Kikachi au Kisomali. Usiandike kwa lugha moja ukaitafsiri usiku wa manane. Andika matoleo mawili, kila moja kwa watu wake. Toleo la wazee linaweza kumtaja Mzee fulani wa Ngamiani bila kueleza Ngamiani ni wapi. La vijana lieleze, na liwe na majina ya mitaa ya Toronto wanayoijua. Maneno aliyoyasema babu yaache katika lugha aliyoyasemea, katika matoleo yote mawili. Toleo la Kiswahili msomee mzee mmoja kabla ya siku yenyewe, na siku hiyo alisome mwenye sauti, si mwenye cheo.

Maneno ya kusomwa hadharani yasipite 500. Ukiyasoma kwa utulivu, ukiacha watu wacheke na ukiacha wewe mwenyewe umeze mate, ni dakika tano hivi, na kwenye ukumbi wa kukodi wenye saa ya kutoka hizo ni nyingi. Yaandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, maana simu hujizima pale pale sauti inapokukwama. Mweke mtu wa pili mwenye nakala, akae karibu, ashike usukani ukishindwa. Baadaye, ukitaka kisa kifike mbali, gazeti la Globe and Mail limekuwa na safu iitwayo Lives Lived inayoandikwa na jamaa na marafiki wa marehemu wa kawaida, na huko hawatafuti vyeo, wanatafuta kopo la senti.

Kumbukumbu ndefu ichapishe, uifunge vizuri, na nakala uwape pia wale uliowahoji, karani akiwa wa kwanza. Kama unalenga arobaini, rasimu iwe imekamilika siku ya 30. Siku kumi zilizobaki ni za shangazi zako kusahihisha majina, na amini usiamini, hazitatosha.